Kipimo cha Ngozi

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni, waya mmoja mkononi na mwingine mdomoni, akiunganisha risiva mpya na spika zake. Risiva hiyo ilitumwa na kitindamimba, aliyekuwa akiishi ng'ambo, ili mama yake awe anamtazama kwenye skrini kubwa badala ya kuikodolea macho simu. Mama aliketi kwenye kochi akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Binti mkubwa, mshonaji, alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, anapinda suruali ya mteja, na roho inamuuma. Yeye ndiye aliyeishi na mama, akampikia, akampimia dawa na kumkata kucha za miguu, na kwa miaka yote hiyo hakuna fundi aliyewahi kuitwa kwa sababu yake.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Alisema mwangaza mtu anaweza kuupanga kwa macho tu, na ukali wa picha pia, lakini rangi ya ngozi haipangwi kwa kubahatisha. Inataka kipimo. Kwa hiyo kila anapokwenda kufunga mtambo huuliza kama nyumbani yupo ndugu wa damu wa yule atakayetazamwa sana, akamkalisha kando ya skrini, kisha akapandisha na kushusha rangi mpaka nyuso mbili zilingane.

"Nyinyi ni tumbo moja?" aliuliza.

"Tumbo moja," mshonaji alisema.

"Basi njoo ukae hapa, dada. Usicheke tu, utaniharibia mashavu."

Mshonaji hakuwa na mpango wa kucheka. Alikaa kwenye kigoda, na kando yake kitindamimba alikuwa amesimamishwa katikati ya video, kavaa koti jekundu, mdomo wazi. Fundi alibonyeza rimoti akitazama uso huu, kisha ule, akaridhika, akahifadhi kipimo kwenye menyu na kuondoka.

Jioni ile mama alitazama video mara kadhaa, akasema mwanawe amepauka kwa baridi ya huko. "Hebu mwongezee rangi kidogo." Mshonaji akaongeza. Koti likakolea, mashavu yakajaa, na kiwiko cha mshonaji kilichokuwa upande wa risiva kikawa cha kijivu.

Alidhani ni chaki ya kupimia vitambaa. Alikisugua kwa sabuni, akapaka mafuta. Kesho yake mama akaomba tena rangi, na kijivu kikapanda mpaka begani. Haukupita muda mrefu kikawa kimemaliza shingo, uso na ulimi. Hata nguo alizovaa zilififia zikiwa mwilini, zikarudiwa na rangi zao zikianikwa kambani. Siku mama alipotaka ukali uongezwe ili azione vizuri hereni za kitindamimba, kingo za mwili wa mshonaji zikapoteza ukali kidogo, na sindano ikawa haimpati vidole. Hilo peke yake alilipenda.

Wateja hawakulalamika. Waligundua kwamba kitambaa kikilazwa kwenye mkono wake huonyesha rangi yake ya kweli, kwa hiyo walianza kuja na vitambaa kuvilinganisha juu yake, hata wale wanaoshonesha kwingine. Mmoja aliuliza kama ngozi ile inapatikana kwa mita. Mama hakusema kitu. Si kwamba macho yake yalikuwa mabovu au akili imechoka. Alisoma bila miwani maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa, na alikumbuka barabara nani alimkosea kwenye harusi ya nani.

Fundi aliitwa. Alimtazama mshonaji, akafungua menyu, akaguna kama mtu aliyekuta nati imelegea.

"Wewe ndiye kipimo," alisema. "Hizi mashine rangi haziitengenezi, dada. Zinaichota mahali. Hii imekuhifadhi wewe, basi inachota kwako."

"Itanimaliza?"

"Wapi! Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ila kama inakukera, tumkalishe mtu mwingine wa damu pale kwenye kigoda, tuhifadhi upya. Dakika moja tu."

Mtu mwingine wa damu humo ndani alikuwa mmoja, naye alikuwa kwenye kochi akiwaomba wasogee. Mshonaji alimtazama, na kwa muda mfupi aliwaza jambo baya. Kisha akamwambia fundi asante, aende zake.

Lakini wivu haulali. Na kwa kweli haikuwa rangi iliyomuuma. Kila alfajiri alimwamkia mama yake, na mama akajibu "mm" huku akipapasa mito kutafuta rimoti. Halafu kitindamimba, kwenye video ya mwezi uliopita, akisema shikamoo mama, mama huyo huyo aliinuka kwenye mto akaitika kwa sauti, marahaba mwanangu, marahaba kipenzi, kana kwamba hakuitika jana na juzi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hawakuwahi kufika nyumba ile.

Alhamisi moja, mama akiwa anaoga, mshonaji alishusha rangi yote mpaka mwisho. Kitindamimba akawa wa kijivu, yeye na koti lake. Mshonaji akarudi mzima mzima, hata wekundu wa ndani ya midomo. Alijitazama kwenye kioo, akafurahi, wala hakuona haya kufurahi. Akavaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe na ambalo hakuwa amepata pa kulivalia, akaenda kusimama mbele ya mama, ambaye alikuwa ameshakaa kochini na taulo kichwani.

"Shikamoo Mama."

"Sogea," mama alisema. "Unaniziba."

Alisogea. Mama aliona picha, akaanza kulia. Alisema mwanawe anaumwa na watu wanamficha. Chakula cha mchana hakukigusa, cha jioni akakisukuma, na dawa zake si za kumezwa tumbo likiwa tupu.

Kitindamimba alipigiwa simu. Alisema yeye mzima kabisa, yuko kazini, akauliza kama dada yake naye hajambo.

"Tupo," mshonaji alisema. Hata kumchukia ilikuwa kazi ngumu, maana hakuwa na kosa.

Asubuhi yake mama alikataa tena kula. Mshonaji angeweza kurudisha rangi ya mdogo wake na mambo yakaisha. Badala yake aliiegemeza simu kwenye cherehani, akasimama mbele yake na gauni lake la njano, akajirekodi. "Shikamoo Mama. Umeamkaje? Miguu inakuumaje? Umemeza dawa?" Yalikuwa maneno yale yale ya kila siku. Akaunganisha simu kwenye risiva. Picha ilitoka ya kijivu, kwa sababu rangi ilikuwa chini, ikabidi aipandishe. Gauni la kwenye skrini likawaka njano, la mwilini likazimika, naye akazimika nalo. Mama akaacha kulia.

"Marahaba, mwanangu!" alisema, akaketi wima. "Mbona umependeza hivyo? Miguu, acha tu, usiku inawaka moto, na simwambii mtu." Aliiambia picha kwamba anaogopa kuteleza bafuni akiwa peke yake. Akaiambia kwamba njano inamkaa vizuri, kwamba watoto wote ni watoto lakini wa kwanza ndiye aliyemfanya aitwe mama, na kwamba pengine hilo hakuwahi kulisema inavyopaswa. Yalikuwa maneno ambayo mshonaji ameyangoja tangu utotoni. Aliyasikia yote, akiwa nyuma ya kochi.

"Mama," alisema, "huyo ni mimi."

Mama aligeuka, akamtazama juu mpaka chini, akairudia skrini.

"Najua ni wewe. Sasa nyamaza nimsikie."

Mama alikula, akameza dawa, akataka video irudiwe, na ikarudiwa mpaka jioni. Mshonaji alisimama kwenye mlango wa jikoni akimwangalia yule mwanamke wa njano anavyopendwa, na wivu uliompanda haukuwa na mfano. Mdogo wake angalau alikuwa mbali, mzuri, na amesoma. Huyu hakumzidi kwa lolote.

Kuanzia hapo kitindamimba alitazamwa Jumapili tu. Siku nyingine zilikuwa za gauni la njano. Mshonaji alianza kumwogesha mama, akaendelea kumkanda miguu na kumkata kucha, bila kuongea sana, kwa sababu mazungumzo yote yalikuwa yanafanyika sebuleni na mwingine.

"Mkaribishe mwenzako chai," mama alisema alasiri moja. "Atakaa kavu mpaka lini?"

Mshonaji aliandaa vikombe viwili, kimoja akampa mama na kingine akakiweka mezani mbele ya skrini. Mama alikunywa chake taratibu akisimulia habari za majirani, na picha ikamuuliza kama amemeza dawa. Chai ya mezani ilipoa, ikafanya utando juu. Mshonaji alipokuja kuondoa vyombo, mama alimshika ule mkono wa kijivu, akautikisa kidogo.

"Umeona adabu ile?" alisema. "Hata chai hakuigusa, asikuongezee kazi. Ungejifunza kwake."

Mshonaji alisema sawa, akaenda kuosha vikombe.