Siku ya Kwanza Kifo Hakitajwi

Siku ya kwanza ya mwaka wa Wachina, nyumbani kwa Madame Fang, usiguse ufagio. Usioshe nywele, usipike uji, usivunje hata kikombe cha chai. Na zaidi ya yote usilie, wala usitaje ugonjwa, wala kifo, maana neno likishatoka mdomoni siku hiyo linakaa ndani ya nyumba mwaka mzima. Xavérine, aliyempikia Madame Fang miaka sita pale Gisenyi, mwanzoni alikuwa akiyacheka mambo haya. Uchafu ni uchafu, alikuwa akimwambia kaka yake Védaste, bahati gani hiyo inayokaa kwenye vumbi?

Kisha akaacha kucheka. Madame Fang aliharibikiwa na mimba mara mbili, na mara zote mbili Xavérine ndiye aliyefua mashuka. Ile ya pili ilitoka mwaka ambao mgeni mmoja alikaa mezani siku ya sikukuu akasimulia ajali iliyomuua jamaa yake. Madame Fang hajamsamehe mtu yule mpaka leo. Sasa mimba ya tatu ilikuwa na miezi saba, na Xavérine, Mkatoliki wa rozari kila jioni, alifagia nyumba nzima siku moja kabla, akauficha ufagio yeye mwenyewe.

Saa tatu asubuhi ya sikukuu, Védaste akapiga simu kutoka Nyakiriba. Mama yao alikuwa akisumbuliwa na kifua tangu Noeli, na sasa hali ilikuwa imebadilika. Anamwita. Aje sasa hivi.

Nyakiriba si Ulaya, jamani. Unapanda basi hadi Mahoko, unachukua pikipiki, saa moja haiishi umefika. Xavérine alivua aproni. Alipofika kwenye mlango wa sebule akamkuta Madame Fang amevaa nyekundu, mkono juu ya tumbo, anacheka na wageni, machungwa yamepangwa mezani mawili mawili. Aseme nini? Mama anaumwa? Mama anakufa? Alisimama pale. Na kama mtoto huyu naye angetoka, nani angelaumiwa? Nani angefua? Madame Fang alimwona, akamuuliza anataka nini. Akajibu kwamba alikuja kuangalia kama chai bado ipo.

Chai! Ee Xavérine, chai!

Akajifariji kwamba kesho si mbali. Siku ya pili ndiyo siku ambayo wanawake wa Kichina walioolewa hurudi kwao kuwaona mama zao. Madame Fang, ambaye mama yake alishafariki, alikuwa amempa Xavérine ruhusa siku hiyo, pamoja na makopo mawili ya biskuti ya kumpelekea mama. Basi Xavérine akamwomba Védaste amwambie mama avumilie hadi asubuhi. Védaste akasema sawa.

Saa kumi alasiri simu ikaita tena. Xavérine aliisikiliza nyuma ya tangi la maji, akauma upindo wa kitenge chake asitoe sauti, maana kulia nako kulikatazwa. Kisha akanawa uso, akaingia, akawapakulia wageni samaki. Walimsifu kwa mapishi, naye akatabasamu. Sijui mtu hutoa wapi moyo wa kufanya kazi ya namna hiyo, lakini yeye aliifanya mpaka mgeni wa mwisho akaaga.

Asubuhi alimkuta Madame Fang barazani na ufunguo wa gari mkononi. Alikuwa ameamua kumpeleka mwenyewe, akamwamkie mama wa Xavérine kwa kuwa yeye hana tena mama wa kumwamkia.

"Madame," Xavérine akasema, "siku ya kwanza imeisha?"

"Imeisha."

"Basi naweza kusema. Mama alikufa jana."

Madame Fang akakaa kwenye ngazi. Aliuliza ni saa ngapi, akaambiwa. Aliuliza kama Xavérine alijua mapema kwamba mama yuko vibaya, akaambiwa ndiyo, tangu saa tatu. Akalia mwanamke yule, na tumbo lake, bila kujali ni siku ya ngapi.

"Ungesema tu unaenda kwa mama," alisema. "Kwenda kwa mama si neno mubaya. Mi mwenyewe ningekupeleka na voiture."

Maneno machache hivyo, na hayakumjia Xavérine kutwa nzima. Wageni wangemtakia safari njema, wangemjazia machungwa kwenye mfuko.

Wakaenda hadi Nyakiriba. Madame Fang alisimamisha gari mbali kidogo na nyumba, kwa sababu kwao mjamzito hasogelei maiti, akaomba radhi. Xavérine akapanda kilima kwa miguu. Majirani walikuwa wameshajaa uani, na Védaste akaja kumpokea. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Xavérine akamuuliza kama mama aliupata ule ujumbe, kwamba avumilie hadi asubuhi.

"Sikumwambia," Védaste akasema. "Kila aliponiuliza, nilimwambia uko Mahoko, unatafuta pikipiki. Akaomba tumugeuze, aangalie mulango."

Alikata roho akiuangalia.