Ndoo Nne za Rangi

...nne, ndoo nne za lita ishirini, tena ile rangi ya maziwa inayong'aa, siyo ya bei ya chini, na bwana stoo ameshazipanga kaunta, ameshaandika karatasi, anaisukuma chini ya kioo cha dirisha langu huku anacheka, "Keshia, kaka yako anasema utamaliza wewe," nitamaliza mimi, mimi niliyekalia kiti hiki miaka kumi na moja napokea pesa za watu, misumari, saruji, mabomba, na jioni nikifunga hesabu droo haijapungua hata senti, kwa nini za watu zinatimia na zangu hazitimii, na kaka ameegemea dirisha kama mwenye duka, miwani ya jua kaipandisha kichwani, anasema wageni wanakuja, dada, nyumba ya baba haiwezi kupokea watu na kuta zile, nyumba ya baba, anasema kana kwamba baba bado yumo, anayelala mle ni yeye, tangu tumzike mzee hajui kodi inalipwaje, mimi vyumba vyangu viwili nalipia kila tarehe tatu, mwenye nyumba hajui habari za damu nzito kuliko maji... kodi ndiyo mstari wa kwanza kwenye daftari, nililinunua mwezi wa kwanza, daftari la shule, binti yangu akanipigia mistari kwa rula, kodi, chakula, nauli, umeme, ada, jino, na chini kabisa dharura, akaniuliza, "Mama, dharura ni nini?" nikamjibu ni jambo usilojua litakuja lini, nilimdanganya mtoto, najua sana, dharura yangu ina ndevu na inavaa miwani ya jua, mwezi wa pili ilikuwa betri ya gari, wa nne ikawa faini ya barabarani, wa tano, "Niazime siku mbili tu," siku mbili gani hizo zisizokwisha, na kila ikija mstari wa dharura hautoshi, inapanda juu kidogo, inakula jino... jino la juu, la pembeni, lilivunjika mwaka jana, daktari wa meno akasema njoo na nusu, nusu nyingine utalipa polepole, mara mbili nimefikisha hiyo nusu, mara mbili, natafuna upande mmoja kama mbuzi, wateja wananiona nina maringo, huyu keshia hacheki, nitacheka na nini... "Unanisikia, dada?" nakusikia, "Wewe ndiye uliyejaliwa kazi ya ofisini," ofisi gani, kibanda cha kioo chenye feni mbovu, "na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," methali zote anazijua yeye, ile ya chovya chovya humaliza buyu la asali haijui, hiyo ilimpita, bwana stoo naye kasimama tu, anatazama sinema, nani kamwambia aandike karatasi kabla ya pesa, kwa mteja mwingine angethubutu... haya, nitamwambia sina, ulimi umeshalishika neno, sina, kaka, mwezi huu sina, na najua kitakachofuata, atacheka, atasema mshahara ulitoka jana, maana tarehe zangu anazijua kuliko mimi, halafu atainamisha kichwa, "Hata nusu?" na hapo ndipo ninapoanguka kila mwezi, kwa sababu pesa ipo, iko ndani ya bahasha kwenye mkoba huu kati ya miguu yangu, naye anajua, tangu utotoni nikisema uongo macho yananikimbilia darini, basi nusu naitoa kama mtu anayelipa faini ya uongo wake, natoa na bado naomba radhi, nisamehe kaka, ningekuwa nazo... miezi saba nimelaani mdomo wake, na aliyekuwa anamfungulia mlango ni mimi na neno hili moja, sina, kwa nini niseme sina, kwani nimeiba, kwani nimeokota, nimekaa hapa muda wa saa tisa kila siku hata mgongo umepinda, na tena, niseme kweli, nilipenda, nilipenda akiwaambia shangazi kwamba bila huyu dada yetu tungeaibika, nililipia sifa hizo kwa jino langu mwenyewe, hasira inanipanda upya, lakini hii haina kelele, hii imekaa kitako kifuani, inapumua taratibu, na kaka anagonga kioo kwa kucha, "Dada, gari la kubeba linasubiri," na lisubiri, ndoo ziko palepale, karatasi iko palepale chini ya kioo, naisukuma irudi upande wake, macho yanataka kwenda darini, nayazuia, nayaweka kwenye uso wake, uso wa baba kabisa, hilo nalo linauma, lakini nasema.

"Ninazo, kaka."

Anatabasamu, anashusha pumzi.

"Ninazo zote, ziko hapa kwenye mkoba. Sikupi."

...bwana stoo ameinamia ndoo anasoma maandishi kwenye kifuniko kana kwamba hakuyaona jana na juzi, feni inakwaruza, kaka bado ameegemea dirisha langu, tabasamu halijamtoka, pengine neno halijamfikia, pengine ni mazoea tu ya mdomo, "Hata nusu?" anasema, na mimi bado namtazama usoni, sina haja ya kutafuta jibu jingine.