Msiba Bila Matanga

Leonardi alirudi kutoka Rufiji Jumanne asubuhi, amekaa juu ya magogo ya mpingo nyuma ya lori, na kabla ya adhuhuri alikuwa hawezi kusimama.

Alikuwa mchongaji, mtu wa Masasi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Yeye na mkewe Eufrazia walihamia Mtoni, Temeke, mwaka ule wa Azimio la Arusha, wakajenga vyumba viwili vya udongo na banda la kuchongea ubavuni. Sasa ilikuwa elfu moja mia tisa sabini na nane, na binti yao Jovina alikuwa darasa la tatu. Kila jioni redio ilitaja kipindupindu, ikahimiza watu wachemshe maji na wachimbe vyoo. Lakini ugonjwa wa redioni ni wa watu wengine, mpaka siku utakapolala kitandani mwako.

Bwana afya alikuja na gari na vijana wawili waliofunika pua kwa vitambaa. Walimtoa Leonardi kwa machela. Eufrazia alitaka kupanda naye, wakamzuia. Leonardi, macho yameshazama ndani, aligeuza kichwa akasema kwa sauti iliyokauka, "Mama Jovina, funika magogo. Jua likiyapiga yatapasuka."

Gari likaondoka. Eufrazia akaenda kuyafunika magogo kwa magunia, kwa kuwa ndilo jambo aliloagizwa.

Alhamisi alikuja Mzee Sadallah, balozi wa nyumba kumi. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi.

"Mama Jovina."

"Abee, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Kaa."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Mzee Sadallah akatazama chini. "Leonardi ametutoka. Jana alasiri. Wameshamzika."

"Nani kamzika?" Eufrazia aliuliza. "Mbona sie hatujaenda?"

Mzee alieleza tu amri ilivyokuwa: maiti wa ugonjwa ule harudishwi nyumbani, haoshwi na ndugu, halaliwi matanga. Mikusanyiko imepigwa marufuku, iwe msiba, harusi au ibada. Na katika nyumba aliyotoka mgonjwa hatoki mtu wala haingii mtu mpaka bwana afya aseme. Alipomaliza aliendelea kusimama pale pale, kama mtu anayetaka kupita uzio na miguu inakataa. Kisha akasema, "Innalillahi," akaondoka akifuta uso kwa kofia.

Waliokulia kwetu wanajua msiba ulivyo. Watu hujaa hata usipate nafasi ya kulia peke yako. Huyu anapika, yule anachota maji, wengine wanatandika majamvi, na usiku mzima sauti za watu zinakuzunguka kama ukuta. Eufrazia hakupata hata kimoja cha hivyo. Alilala na Jovina kwenye mkeka mmoja, nyumba imenyunyiziwa dawa inayowasha macho, mlango umepakwa chokaa ili wapita njia wajue.

Bi Mauwa, jirani yake kutoka Kilwa, alikuwa akileta sufuria ya uji kila asubuhi. Huiweka juu ya jiwe nje ya uzio, hurudi nyuma hatua kadhaa, kisha huita, "Dada! Uji!" Halafu hubaki pale mpaka amwone Eufrazia ameuchukua. Siku moja alimwona ameuchukua na kumpa mtoto wote.

"Na wewe kunywa."

"Sina njaa, Bi Mauwa."

"Sikukuuliza njaa. Mie nitakaa hapa hapa juani mpaka unywe, na nikipigwa na jua dhambi ni yako."

Eufrazia akanywa.

Alikuwa mtu wa sala, tena wa kutegemewa. Katika kigango chao ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na rozari yake ya mbegu nyeusi ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Lakini siku zile, kila akiishika, kidole hakikusogea kutoka punje ya kwanza. Hakuona kwamba Mungu hayupo. Alimwona yupo, amenyamaza, na ukimya ule ulimkera kuliko kama angekuwa hayupo kabisa. Lililomtafuna zaidi halikuwa kifo chenyewe. Leonardi alikuwa mtu mzima, na watu hufa. Lililomtafuna ni kwamba hakujua nani alikuwa karibu naye. Je, aliomba maji akapewa? Kuna aliyemwita kwa jina lake, au alikuwa tu yule wa kitanda cha pembeni?

Jumapili saa kumi alasiri alisikia wimbo. Ulianzia nyumba ya Mwalimu Demetria, mama wa Bukoba aliyefundisha shule ya msingi na kuongoza jumuiya yao ndogo ya Kikristo. Demetria alikuwa amesimama kizingitini kwake, peke yake, anaimba wimbo wa marehemu. Ubeti wa pili ukapokewa na mama wa nyumba ya tatu, naye kizingitini kwake. Kisha wengine wakadaka, huyu huku, yule kule, sauti zinapishana kwa sababu ya umbali, wa mbele wamemaliza mstari na wa nyuma ndio kwanza wanauanza. Hakuna aliyevunja amri. Kila mtu alikuwa kwake. Hata Bi Mauwa, asiyeujua wimbo, alitoka akasimama mlangoni amejifunga kanga kichwani.

Jovina akasema, "Mama, wanamwimbia baba."

Eufrazia alijaribu kupokea, akashindwa. Akaketi akasikiliza. Wakarudia Jumatatu, na Jumanne, na siku zilizofuata, saa ile ile. Yeye hakuimba hata siku moja. Lakini alianza kuisubiri saa kumi.

Bwana afya alipoiruhusu nyumba, Eufrazia alimwacha Jovina kwa Bi Mauwa, akashika njia ya Chamazi. Enzi hizo huko kulikuwa na mikorosho na mashamba ya mihogo, na ndipo mahema ya wagonjwa yalipokuwa yamepigwa. Alikuta uzio wa kamba na beseni la maji ya dawa la kukanyaga. Tabibu aliyekuwa zamu, kijana aitwaye Revelian, alitoka kumpokea akiwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, ndugu hawaruhusiwi."

"Sina ndugu humo. Alikuwamo, amekufa. Nataka kujua alikufaje. Leonardi, mchongaji, mtu wa Mtoni."

Revelian alifikiri. Alimwuliza siku, akafikiri tena. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Simkumbuki, mama. Siku hiyo waliletwa wengi, nasi tulikuwa wawili tu. Ningeweza kukwambia kwamba alilala salama, alisali, alikutaja. Wengine huwaambia hivyo. Lakini nikikudanganya nitakuwa nimekukosea mara ya pili."

Eufrazia alimtazama kijana yule, akaona kwamba naye anaumia. "Basi nionyeshe kaburi."

Alipelekwa nyuma ya mikorosho. Kulikuwa na matuta ya udongo mwekundu yamejipanga safu, yamenyunyiziwa chokaa, hayana msalaba wala jiwe.

"Ni mojawapo ya haya," Revelian alisema. "Lipi, sijui. Humo wamo Wakristo, wamo Waislamu, na wengine hatukujua wa wapi." Akamwacha.

Eufrazia alitembea toka mwanzo wa safu hadi mwisho, akarudi, akitumaini moyo utamwambia ni hili. Moyo haukusema kitu. Akapiga magoti hapo hapo alipokuwa, akaanza sala aliyoijua tangu utotoni, ile ya kuwaombea wafu. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Akaishia hapo. Ampe nani? Kama hakujua ni yupi, sala ile ingeangukia tuta gani? Akaitazama safu yote, akaanza upya: Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Uwape. Ndipo machozi yaliyokuwa yamegoma siku zote zile yalipomtoka, akalia kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya wote waliolala naye, ambao nao walikuwa na wake na mama zao mahali fulani, wanaouliza kama alivyouliza yeye.

Alipokuwa akiondoka, alipita karibu na hema na kusikia sauti ya mwanamke: "Maji." Muuguzi alikuwa upande wa pili, ameshika chupa ya dripu. "Maji," sauti ikarudia. Eufrazia akamtazama Revelian.

"Nikinawa vizuri, naweza kumpa?"

Revelian akampa sabuni.

Mgonjwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake. Eufrazia alimnywesha kwa kijiko, polepole, maji yaliyotiwa chumvi na sukari. "Unaitwa nani, mwenzangu?" Mwanamke yule akanong'ona, "Tabu." Eufrazia akamwita kwa jina lake mpaka kikombe kikaisha.

Kesho yake alirudi. Demetria alipopata habari alikuja mbio hadi kwenye uzio.

"Eufrazia, una mtoto! Ukifa wewe, atabaki na nani?"

"Nimefikiri hilo, Mwalimu. Tabibu amenifundisha kunawa, na nguo naziacha kule kule zinachemshwa. Naogopa, sikufichi. Lakini pale mtu anakufa hana wa kumwita jina. Mungu sijamwelewa bado. Hilo lakini nimelielewa."

Demetria akasema, "Basi sie tutakuombea saa kumi. Na Jovina atakuja kwangu baada ya shule, asimchoshe Bi Mauwa."

"Nani kasema ananichosha?" Bi Mauwa aliita toka uani kwake.

Ikawa ndiyo kazi yake. Alisafisha, alinywesha, na kila aliyeingia alimwuliza jina, kwao, na watu wake. Aliyekufa, habari zake Eufrazia alizibeba kichwani hadi kwa Mzee Sadallah, naye akazifikisha kwa mabalozi wenzake mpaka zikafika nyumbani kwa wahusika. Siku nyingine alikwenda mwenyewe. Alikwenda hadi Kinondoni kwa familia moja kuwaambia kwamba mama yao, dakika za mwisho, alilalamika kwamba maji yale yana sukari na nyumbani chai wanakunywa bila sukari, basi wamfungie kidogo hiyo sukari aende nayo. Watoto wa yule mama walicheka huku wanalia. "Ndiye yeye," walisema. "Ndiye mama kabisa."

Siku alipoletwa mzee wa Kiislamu aliyekuwa anakata roho, Eufrazia hakujua la kufanya. Jioni alimwuliza Mzee Sadallah.

"Mwelekeze kibla, mwanangu, umlainishie midomo kwa maji. Kama yupo Mwislamu kitanda cha jirani, mwombe amtamkie shahada. Kama hayupo, Mola anamjua mja wake." Kisha akaongeza taratibu, "Na wewe usiache kumwomba kwa namna yako. Dua haimgombanishi mtu na Mungu."

Si kwamba alikuwa na nguvu kila siku. Siku mtoto mchanga alipofia mikononi mwake, alirudi akapita nyumbani kwake moja kwa moja hadi kwa Demetria, akasimama nje.

"Mwalimu, leo sina neno la kumwambia Mungu. Hata moja."

"Basi usiseme. Kaa tu hapo uani. Leo tutasema sisi."

Akakaa juu ya jiwe, mikono imelegea magotini. Saa kumi ilipofika wimbo ukaanza, ukavuka kutoka kizingiti hadi kizingiti. Ulipofika ubeti wa tatu, Eufrazia alisikia sauti nzito kidogo, yenye ukwaruzo, ikipokea. Ilikuwa yake.

Mvua za masika zilipokwisha, ugonjwa nao ulipungua. Tabu alitoka kwa miguu yake, amekonda, anacheka. Mahema yakakunjwa, na zahanati moja ya Temeke ikamwajiri Eufrazia kuwa mhudumu, kwa mapendekezo ya Revelian. Marufuku ya mikusanyiko ilipoondolewa, jambo la kwanza jumuiya ililofanya ni kumwekea Leonardi matanga.

Watu walijaa. Majamvi yalifika hadi barabarani. Bi Mauwa alisimamia masufuria na hakutaka ushauri wa mtu. Shemeji yake Eufrazia, Anselmo, alipanda basi kutoka Masasi na mfuko wa korosho. Alasiri, watu walipokuwa wanakula, alimwita kando.

"Shemeji, nimetumwa na wazee. Rudi nyumbani na mtoto. Mji huu haueleweki. Mtu anaamka mzima, jioni keshazikwa."

"Asanteni kwa kunikumbuka, shemeji. Lakini hata Masasi mvua haieleweki. Mwaka juzi hamkuvuna."

"Ni kweli. Lakini kule uko kwenu."

Eufrazia alitazama ua. Demetria alikuwa anagombana na Mzee Sadallah kuhusu nani aketi kwenye kiti chenye mgongo, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Jovina alikuwa anapitisha maji ya kunawa.

"Kila Jumapili mie nilikuwa nikiomba Mungu asibadilishe kitu," alisema. "Anilindie mume, nyumba, mtoto, vikae hivyo hivyo. Siku hizi siombi hivyo. Naomba kikibadilika niwe na watu, na niwe mtu kwa watu. Hilo hapa ninalo, shemeji. Waambie wazee nitakuja kuwasalimia Desemba, Jovina akifunga shule."

Anselmo akainua mfuko wake. "Basi nitawaambia. Lakini korosho hizi zikaange leo leo, zisije zikaota ukungu."

"Nipe," Eufrazia alisema, akachukua mfuko, akaenda kumwuliza Bi Mauwa kama kuna jiko lililo wazi.