Theluthi ya Mjane

Dorcas alichora mstari wa mkaa kwenye sakafu ya jiko, kutoka mlango wa chumba cha mama mkwe wake hadi mlango wa nyuma unaotokea kisimani, kisha akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Hii ndiyo njia yako, Mama. Ndivyo wosia unavyosema."

"Na mguu ukiteleza ng'ambo?" akauliza Mehitabel. "Utanirudisha Uingereza?"

Dorcas hakucheka.

Wosia wa marehemu Obed Colby, mume wa Mehitabel, ulifuata desturi zote za koloni la Massachusetts. Nyumba ilikwenda kwa mwanawe, Jabez, mume wa Dorcas. Mjane alipewa theluthi yake: chumba cha mashariki, kona moja ya stoo ya chini, ruhusa ya kupita jikoni kwenda kisimani, na kutumia tanuri kila Jumamosi, muda wote atakaobaki mjane. Akiolewa, atatoka na nguo zake. Mlango wa mbele haukutajwa. Obed alisahau tu. Mwanamume aliyeingia na kutoka kwa mlango ule miaka zaidi ya thelathini angewazaje kwamba kuna mtu atakayehitaji ruhusa? Lakini kisichoandikwa hakipo, na Dorcas alijua kusoma.

Kilichomchoma Mehitabel ni kwamba chumba hicho cha mashariki ndicho kilichokuwa nyumba nzima hapo mwanzo. Mwaka ule wa kwanza aliukanyaga udongo na majani makavu kwa miguu yake mwenyewe, mimba ya Jabez tumboni, na Obed akiushindilia kati ya nguzo za mwaloni. Likaja dohani, likaja jiko nyuma ya dohani, vikaja vyumba vya juu. Nyumba ilikua ikimzunguka kama tunda linavyozunguka kokwa. Sasa kokwa limefungiwa ndani, na tunda lina wenyewe. Siku nyingine alikaa kitandani mchana kutwa kwa hasira, akikataa hata kwenda kuteka maji.

Mwezi Machi akaja Eliakim Pratt, fundi wa mapipa, mgane wa miaka miwili. Alibisha mlango wa mbele. Dorcas akamwelekeza nyuma, na mzee wa watu akazunguka nyumba nzima kwenye theluji, akapita jikoni kofia mkononi, hadi chumbani kwa mjane.

"Bibi Colby, sitazunguka mbuyu, nimeshazunguka nyumba, inatosha. Mimi mpweke, wewe mpweke. Nina ng'ombe wawili na paa langu halivuji. Njoo tuzeeke pamoja."

Kule jikoni Dorcas akaacha kukoroga maharagwe. Alikuwa amekwisha kukipima chumba kile kwa ajili ya mtambo wake wa kufumia.

Mehitabel alimpenda mzee huyu? Hakujua. Alichopenda ni wazo la kutembea chumba hadi chumba bila kutazama anapokanyaga. Neno la kukubali lilikuwa tayari ulimini.

"Na Mungu akikuchukua kabla yangu?"

Eliakim akatabasamu kwa fahari. "Hilo lisikutie hofu. Nimeshaandika. Nyumba ni ya mwanangu Seth, nawe una chumba cha kusini, kina jua tele. Na kupita jikoni, ruhusa!"

Mehitabel akaketi. Obed alikuwa mtu mwema. Huyu naye alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtisha. Akahisi kana kwamba kuta zimesogea.

Alipoinua macho alimwona Dorcas amesimama mlangoni, mwiko ukimdondoshea mchuzi miguuni wala hana habari.

"Mwanangu," akamwita, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Jabez alipougua homa tukadhani hatapona, naye aliandika wosia?"

Dorcas akaitikia kwa kichwa.

"Kakupa chumba kipi?"

Dorcas akakitazama chumba, kuanzia dirishani hadi kitandani.

"Hiki," akasema.

Eliakim Pratt alikuwa bado ameshika kofia yake, akingoja jibu.