Kichwa cha Changu

Sofia alipotoka eda alivuta mshipi wa kuvulia wa marehemu mumewe uvunguni, akafunga vipande vya pweza kwenye gazeti, akaenda Feri kuvua. Wapangaji wenzake tulicheka. Mimi Zamzam, wa chumba cha pili, nilicheka kuliko wote, mpaka aliporudi na changu wa kubeba kwa mikono miwili.

Ulikuwa mwaka ule wa Nguvu Kazi, wazururaji wasio na kazi wakisombwa Kariakoo kupelekwa mashambani. Shaibu, shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amejibanza kwa rafiki Ilala, akapata la kusema kila Ijumaa alipokuja kula.

"Shemeji, mji huu si wa mjane. Rudi Mikindani ukalime, chumba niachie mimi."

Ijumaa hiyo alipomwona changu, akamwalika Bi Sabaha, mama mwenye nyumba, aje ale nao, aone mwenyewe nani mkuu wa chumba. Hila yake niliijua. Kichwa cha samaki hutengewa mwenye kaya. Sofia akimpa tu mbele ya Bi Sabaha, chumba kimekwenda. Nilimchukia mtu yule!

Mafuta ya kupikia hayakuonekana duka la ushirika, wala Sofia hakuyatafuta. Alimchanja changu, akampaka chumvi, ndimu na pilipili, akambanika huku akimpaka tui zito. Uani kote mate yalitutoka.

"Usimpe kichwa," nilimnong'oneza Sofia.

"Changu huanza kwa kudonoa, dada. Ukivuta mapema, chambo kimeliwa bure. Mwache ameze."

Shaibu alikaa pale pale alipokuwa akikaa marehemu, akanawa, akasubiri. Sofia akampa Bi Sabaha mnofu wa mgongoni. Akampa Shaibu mkia. Kichwa akakivuta upande wake.

"Shemeji, umesahau kichwa ni cha nani?"

"Sijasahau. Ni cha mwenye kaya." Akakivunja, akanyonya jicho taratibu. "Na hao wanaosomba wazururaji wakibisha hodi sasa hivi, mimi nitawaonyesha mshipi. Wewe utawaonyesha nini?"

Pale mlangoni nilitaka kupiga vigelegele, nikajiziba mdomo kwa khanga.

Shaibu akamgeukia Bi Sabaha. Bibi alikuwa anatafuna bila haraka. Akatoa mwiba, akauweka pembeni mwa sinia.

"Sofia mwanangu," akasema, "Ijumaa ijayo humu chumbani mwako, uongeze ndimu kidogo."