Kaa Lisilomuuma Mstari

Dobi yule watu walimwita Mstari, kwa sababu suruali ikipita mikononi mwake ilirudi na mstari mbele ambao, kwa maneno ya wateja wake, ungeweza kukatia mkate. Kibanda chake kilikuwa cha mabati. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za kutundikia nguo, na pasi mbili: ya umeme, na ya mkaa kwa siku umeme unapokatika. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alizoea masufuria yanayokorogwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na hata nyumbani mkono wake haukujua kupakua kidogo.

Kiu ilipomwanza Mstari, kila aliyeuliza aliambiwa ni joto la pasi. Nani angebisha? Mtu anayeshinda amesimama juu ya moto chini ya mabati lazima anywe. Alikuwa akishusha soda mbili kabla ya adhuhuri. Zilimkata kiu kwa muda mfupi, kisha koo likarudi kukauka kuliko mwanzo. Muuza vipuri wa jirani alimtania kwamba amefunga ndoa na choo, maana hakumaliza mashati mawili bila kutoka. Mstari alicheka naye. Lakini usiku nao aliamka mara kwa mara, na asubuhi alishika kazi akiwa amechoka kama aliyelima.

Halafu akaanza kukonda. Alikula vizuri tu, ila mkanda ulimpwaya mpaka akautoboa matundu mapya kwa msumari wa moto. Mkewe, kwa kuona mumewe anakwisha, akazidisha wali, akazidisha viazi, na chai akaikoleza sukari ili apate nguvu. Mstari alikula kila alichopewa.

Hakuwa mjinga. Alijua. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa na kisukari, na mwaka wa mwisho wa maisha yake Mstari ndiye aliyemuuguza. Alimbeba kumpeleka bafuni baada ya mguu kukatwa. Alimlisha, alimgeuza kitandani, na alimwona mwanamke yule mwenye kiburi chake akigeukia ukutani kila aliposafishwa. Kwa hiyo dalili alizitambua mapema, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyotambua sauti za ndugu zake wakiwa bado mlangoni. Aliamua kutowafungulia.

Siku moja umeme ulikatika, akawasha pasi ya mkaa. Mkewe alikuwa ametoka kazini, akapita pale kibandani wafuatane kwenda nyumbani, akakaa kwenye kigoda kumsubiri amalize shati la mwisho. Kifuniko cha pasi kilikuwa kimelegea. Kaa dogo likachomoka, likadondokea mguuni mwa Mstari, kando ya kidole cha mwisho, likanasa kwenye ukanda wa kandambili. Mstari akaendelea kunyoosha kola.

Mkewe alisikia harufu, akadhani ni shati.

"Mume wangu, unaunguza nguo ya watu."

Mstari aliinua pasi, akatazama shati. Lilikuwa salama. Ndipo mke akaangalia chini, akaona moshi mwembamba ukitoka mguuni mwa mumewe. Aliruka, akalipangusa kaa kwa upindo wa kanga, akamwagia mguu maji ya ndoo. Ngozi ilikuwa imebabuka hadi nyama nyekundu ikaonekana.

"Hukusikia?" aliuliza.

Mstari aliutazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sikusikia," alisema.

Mke hakupiga kelele. Aliizima pasi, akafunga kibanda, akamshika mkono. Njiani alisema jambo moja tu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye hayuko tayari kusimama mbele ya watu akiumbuliwa pamoja naye.

Zahanati walimtoboa kidole, wakapima damu. Sukari ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaeleza taratibu. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, ndiyo maana mguu umekufa ganzi. Mwili ukijaribu kuitoa sukari hiyo kwa mkojo, maji nayo hutoka, na ndiyo ile kiu. Na mtu hukonda huku anakula, kwa kuwa sukari ya chakula hubaki kwenye damu bila kuutia mwili nguvu. Walimpa vidonge, wakasafisha kidonda, wakamwambia apunguze wanga na aache soda.

Mkewe alisikiliza akitazama sakafu. Jioni ile alitoa kopo la sukari jikoni akampa jirani, kisha akakaa mbele ya jiko muda mrefu bila kupika. Mstari alielewa anachofikiri.

"Si chakula chako," alimwambia. "Ugonjwa huu uko kwenye damu yetu. Dada hakuwahi kula kwako."

"Lakini mimi ndiye niliyekujazia sahani."

"Na mimi ndiye niliyejua nikanyamaza."

Mkewe akageuka. Mstari akamweleza yote: kwamba alijua tangu kiu ya kwanza, na kwamba hakuogopa kufa kama alivyoogopa kubebwa. Hakutaka mkewe amwone vile alivyomwona dada yake.

"Kwani ulinioa niwe mgeni?" mke alisema. "Mgeni ndiye anayeishia sebuleni."

Ingekuwa vyema kama mambo yangetengemaa hapo. Lakini Mstari, kwa kuwa alikuwa ameona mwisho wa ugonjwa ule, alikiogopa chakula kuliko alivyoogopa kidonda. Aliacha wali, akaacha mkate, mwisho akaacha hata maharage. Alimeza vidonge vyake kwa maji matupu, akashinda na njaa, akijisifu moyoni kwamba sasa sukari itakoma. Mkewe akiondoka alfajiri kwenda shuleni, kifungua kinywa alichomwachia kilimsubiri mezani mpaka anarudi.

Muuza vipuri ndiye aliyemkuta. Mstari alikuwa amekaa chini kibandani, jasho likimtiririka, mikono ikitetemeka, akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mkewe alipopigiwa simu alikumbuka muuguzi alivyomwonya siku ile kwamba jasho na kutetemeka ni dalili za sukari kushuka mno, akamwambia jirani akoroge sukari kwenye maji amnyweshe haraka, maadamu bado anaweza kumeza. Alikunywa. Baada ya muda macho yakatulia, akauliza kwa nini watu wamejaa.

Mkewe alimpeleka zahanati. Safari hii muuguzi alimketisha akamsemesha kama mwanawe, ingawa Mstari alimzidi umri.

"Mzee wangu, vidonge vinashusha sukari. Usipokula, vitaishusha mpaka vikushushe na wewe. Chakula si adui yako. Shida ni kiasi, na aina, na saa."

Akachukua sahani ya plastiki iliyokuwa pale mezani, akamwonyesha mkewe kwa kiganja: nusu nzima mboga za majani, robo maharage au samaki au yai, robo iliyobaki wali au kiazi, basi. Tunda zima badala ya juisi. Kula kwa wakati, hata kama kazi imepamba moto. Mpishi yule wa mamia ya watoto aliirudia robo ile mara kadhaa kwa mkono wake mwenyewe, na akakiri kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kupakua wali mchache kiasi hicho hata kwa kuku.

Tangu hapo alikula vilevile na mumewe, sahani kwa sahani. Kidonda hakikuwa na haraka ya kupona. Kidole cha mwisho kilioza, wakakikata, mguu ukabaki. Mstari alirudi kazini akiwa na kigoda na viatu vya kufunika, na kila jioni mkewe aliigeuzageuza miguu yake mwangani kutafuta mkwaruzo ambao yeye asingeusikia. Siku za kwanza Mstari alitazama pembeni. Baadaye akazoea kumpa mguu huku anaendelea na mazungumzo.

Mdogo wake, fundi wa majokofu, mtu mnene na mcheshi, alikuja kumpa pole akiwa na chupa kubwa ya juisi. Alikunywa karibu yote peke yake, akaomba na maji. Aliporudi kutoka chooni kwa mara ya pili, Mstari alimuuliza kiu hiyo ilianza lini. Mdogo mtu akacheka, akasema ni joto tu la kazi.

"Majokofu yana joto?" Mstari aliuliza.

Mdogo aliiweka chupa chini. Kisha akauliza kama dada yao aliumia sana mwishoni, maana wakati ule yeye alikuwa mbali, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Mstari alimsimulia, bila kupunguza kitu. Alipomaliza, mdogo wake alikuwa amekishika kichwa kwa mikono miwili.

Asubuhi walikwenda zahanati pamoja. Mdogo aliingia ndani, Mstari akabaki kwenye benchi. Alitoka akiwa ameshika pamba kidoleni.

"Imepanda," alisema. "Lakini si kama yako. Wanasema nimewahi."

Mstari akasogea, akampa nafasi ya kukaa.