Kitanda cha Mteja

Nimewadharau watu wengi katika kazi hii ya useremala, lakini wanaoongoza ni wazazi wenye watoto wadogo wanaokuja kununua fanicha. Mtu ana watoto wanne, mikono yao yote imejaa mafuta ya mawese, halafu ananionyesha kwenye simu picha ya kochi jeupe. Jeupe! Mbele yake meza ya kioo, na juu ya kioo maua ya plastiki. Namuuliza watoto atawaweka wapi, ananitazama kana kwamba nimemtukana.

Naitwa Bavon. Atelier yangu, yaani karakana, iko Kabondo, kando ya barabara, chini ya mabati manne na turubai moja. Ninatumia mbao za lifaki zinazotoka upande wa Bengamisa, nyekundu, nzito, za kumtoa mtu jasho. Msitu umetuzunguka pande zote, na bado watu wa mji huu wanakwenda madukani Makiso, katikati ya mji, kununua makabati ya panneau, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye sura ya mbao. Mtoto akikojolea kabati la namna hiyo mara moja, linaumuka kama beignet kwenye mafuta ya moto. Mara ya pili mlango unaanguka. Rahisi huvunja upishi, lakini wapishi hawa hata harufu ya kuungua hawaisikii.

Kwangu sheria ni chache na sizibadilishi kwa sababu ya sura ya mtu. Miguu iwe minene. Viungo viwe vya ulimi na tundu, si misumari mitupu. Pembe zote zilizo kwenye kimo cha paji la uso la mtoto nazitoa ncha kwa randa na msasa mpaka shavu likipita lisiumie. Mito iwe na zipu, mama afue. Kioo siweki. Anayetaka kioo akanunue kwingine, na pamba ya kuzuia damu anunue hukohuko. Na kitanda hakitoki kwangu bila majaribio: mteja alete watoto wake, wapande, waruke wanavyotaka. Kikilia hata mara moja, nakibomoa mbele ya macho yake na kuanza upya. Kikishauzwa, naandika jina la mteja kwa chaki kwenye ubao wa kichwani, na kuanzia hapo hakuna anayekigusa.

Turubai halizuii wezi, kwa hiyo vitu vilivyokamilika navihamishia nyumbani kwangu, mitaa miwili kutoka hapo. Vinajaza chumba kizima: vitanda, viti, makabati, kila kimoja na jina lake. Watoto wangu watatu, Nyota wa miaka saba, Héritier, na Émilie mdogo, wanatandika mkeka wao katikati, pale panapobaki nafasi. Tangu wanatambaa nimewafundisha maneno matatu: "Ya client, musiguse." Nao hawagusi. Nilijivunia sana jambo hilo. Wageni walikuwa wakistaajabu kuona watoto wenye adabu kiasi kile.

Mke wangu Honorine hakustaajabu. Tangu mvua za mwaka jana Émilie anakohoa, maana sementi inapandisha unyevu na mkeka ni mkeka tu. Honorine akaniomba kitanda cha watoto. Si kwamba nilikataa. Nimekitengeneza mara tatu! Mara tatu akapita mtu mwenye haraka, akakipenda, nami nikaandika jina lake. Honorine aliponiomba mara ya nne nilimwambia sawa, nitatengeneza kingine, lakini ajue kwamba mfinyanzi hulia gaeni, hata wahenga walilijua hilo. Nilicheka peke yangu. Yeye aliendelea kufunga kwenye majani kwanga zake, mikate ya muhogo ya kuuza sokoni.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja bwana Timothée, karani wa ofisi fulani kule Makiso, mwenye viatu vya ncha. Alikuja na mkewe Stéphanie na wavulana wao wawili, mapacha. Kitanda kile cha nne kilikuwa kimesimama katikati ya atelier, kimekamilika: chini kipana cha kulaza wawili, juu cha mmoja, na ngazi pembeni. Timothée alikizunguka. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akanusa kidole.

"Papa Bavon, hii iko nzito sana," alisema. "Kwa ndugu yangu kuko moja ya chuma, rangi ya dhahabu. Inang'aa. Hii haing'ae."

"Batoto bako banalalaka juu ya kung'aa?"

"Bon, na vernis je? Unaweza kutia vernis mpaka mutu ajione uso?"

"Uso yako unaijua tayari, tonton. Acha batoto bapande."

Walipanda kabla sijamaliza kusema. Mmoja aliruka juu, mwingine alining'inia kwenye ngazi akipigapiga visigino. Kitanda hakikutoa hata mlio. Stéphanie peke yake ndiye aliyekuja na akili siku hiyo: alisukuma nguzo kwa bega, akapitisha mkono chini ya mbao za kulalia kutafuta misumari iliyochomoza, hakuona. Huyo nilimdharau kidogo tu, kwa sababu ya mume aliyemchagua.

"Timothée, hii itaona mpaka bajukuu," alisema.

"Na meza ya kioo je?"

"Kioo na hawa?" Akamwonyesha wanawe kwa kidevu.

Timothée akaguna, akaniuliza kama sitapunguza bei, maana kitanda chenyewe hakina urembo wowote. Urembo! Nilimwangalia kuanzia viatu mpaka kola nikamwambia kwamba mtu anayetafuta urembo kwenye kitanda cha watoto amnunulie mwanawe sanamu amlaze juu yake. Akacheka kwa haya. Nikajua nimeshamshika. Nilikuwa tayari nimeokota chaki.

Na ahadi ya nyumbani? Nilisema moyoni kwamba kitakuja cha tano.

Hapo ndipo toleka mbili, baiskeli za abiria, ziliposimama mbele ya atelier. Kwenye baiskeli ya kwanza alishuka Honorine na Émilie mgongoni, kwenye ya pili Nyota na Héritier. Honorine alikuwa amevaa liputa, kitenge chake cha Jumapili, na watoto walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta. Hakuja kusimama ubavuni mwangu. Alisimama nyuma ya Stéphanie, kama mtu anayengoja zamu yake.

"Bonjour, patron," alisema.

"Honorine, niko na client."

"Niko naona. Na mi leo niko client. Niko natafuta kitanda ya batoto batatu. Ya nguvu, na ya bei ya mutu anauzaka kwanga."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. "Rudi kwa nyumba, tutaongea magaribi."

"Kwa nyumba njo nilitoka. Kule vitanda iko mingi, lakini yote iko na jina ya batu." Alifungua fundo la liputa, akatoa kitambaa chenye fedha, akakiweka juu ya benchi la kazi, kati ya randa na patasi. Kilinukia majani ya kwanga. "Juzi docteur wa dispensaire aliniuliza Émilie analalaka wapi. Nikamwambia, kwa museremala. Akafurahi. Akasema, ah, basi huyu analala muzuri. Nilisikia haya, Bavon. Nilishindwa kumwambia ukweli."

"Honorine, kweli mbele ya batu?"

"Mbele ya batu njo unasikiaka. Mu nyumba yetu niliona client tu njo anaheshimiwa. Donc chukua, andika jina."

Timothée alipiga makofi kwa furaha. "Ee, Papa Bavon! Bibi yako ananunua kitanda kwako? Na weye ulikuwa unacheka kioo yangu!"

"Timothée, nyamaza," Stéphanie alisema. Akawashusha wanawe kitandani mmoja mmoja. "Tutangojea ingine."

Nilimtazama yule karani viatu, nikamtazama kola. Aliwaleta wanawe kwenye kitanda, na mimi wangu niliwaacha kwenye sementi, na neno lolote ambalo ningelisema lingenirukia mwenyewe usoni. Niliona aibu, na sikuwa nimeizoea.

Nilimsukumia Honorine kitambaa chake. Akakirudisha. Nikamsukumia tena, akakirudisha tena, na safari hii aliweka patasi juu yake.

Basi nikaenda kwenye ubao wa kichwani nikaandika. Sikuandika Honorine. Niliandika kwa herufi kubwa NYOTA, chini yake HÉRITIER, chini yake ÉMILIE, na chaki ilivunjika mara mbili. Kisha nikamgeukia binti yangu mkubwa.

"Panda, mama," nilimwambia. "Panda, uruke. Batoto bote banajaribuka."

Nyota aliweka mikono nyuma. Mdogo wake Héritier alikuwa ameshagusa ngazi kwa kidole kimoja, dada yake akamvuta haraka.

"Ya client, usiguse," alimnong'oneza, kwa sauti yangu mimi.

"Soma kwanza jina," nilisema. "Soma, Nyota. Uko unajua kusoma."

Alisogea, akasimama hatua moja kutoka kitandani, akazifuata herufi kwa macho tu, mikono ikiwa bado nyuma.

"Nyo. Ta," alisoma. "Nyota."

"Njo vile!"

Alifikiri kidogo. Halafu aliniuliza kwa upole na adabu ileile iliyokuwa ikiwastaajabisha wageni:

"Papa, Nyota ule anaishi wapi? Tutamupelekea lini?"